Mume Wangu na Yule Mwanamke wa Kwenye Lifti

Wiki jana mliniacha nimeshika kitana mkono huu na simu mkono ule, nikimsikiliza kaka yangu akinipa habari njema. Habari njema yenyewe ilikuwa hii: Jumamosi anatuletea lori, tupakie vyombo, tukaishi kwake, kwenye chumba cha nyuma ya jiko la mke wake.

Nikamwambia ahsante kaka. Ningemwambia nini?

Kama ndiyo kwanza unafungua gazeti hili, usiwe na wasiwasi, balaa langu linaelezeka upesi. Mume wangu alikuwa mwendesha lifti. Jengo la ghorofa tisa, yeye ndani ya kile kisanduku, kofia kichwani, kidole kwenye kitufe. Mtu akiingia anamwuliza, "Ghorofa?" Mtu anataja, yeye anabonyeza, safari inaanza. Aliuliza swali hilo mpaka likamganda likawa jina. Mtaa mzima unamwita Ghorofa. Na mimi ni mke wa Ghorofa, ingawa nyumba yetu iko chini kabisa na ikinyesha maji yanaingia.

Kisha wakaleta lifti mpya. Lifti mpya ina sauti ya mwanamke. "Mlango unafunguka." "Ghorofa ya nne." "Mlango unafungwa." Hataki likizo, haendi msalani, haumwi mgongo, wala hapigiwi simu na mkewe apitie sukari akirudi. Mume wangu akapewa mkono, akashukuriwa, akaambiwa kofia anaweza kubaki nayo.

Wenzangu waume zao wanachukuliwa na wanawake wenye marashi na viatu virefu. Wangu kaporwa kazi na mwanamke asiye na hata kisigino.

Na tunapoishi ni nyumba za wafanyakazi wa jengo lilelile. Huna kazi kwenye jengo, huna nyumba. Walitupa muda wa kujipanga, na muda huo unaisha Jumamosi. Ndiyo maana ya lori.

Sasa mtaniambia, kwani kuishi kwa kaka kuna ubaya gani? Hakuna. Ila mimi ni msusi. Nasukia barazani, na wateja wangu nimewapata kichwa kimoja kimoja, mpaka leo wananisubiri kwenye foleni huku wakinisengenya nikisikia. Kule kwa kaka, wifi yangu naye ana saluni. Ameshanitumia ujumbe wenye upendo mkubwa: nisihangaike kutafuta kazi, ufagio upo.

Basi Jumatano nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja wangu mmoja, mwalimu, simu ya Ghorofa ikalia. Akasikiliza amesimama wima kama mtu anayeimbiwa wimbo wa taifa. Alipokata, akakaa chini.

"Wameniita," akasema.

"Nani?"

"Wale wale. Wanatafuta mtu wa mapokezi. Pale chini, kwenye meza ya kupokelea wageni. Usaili Ijumaa, ghorofa ya tisa."

"Na nyumba?"

"Atakayepata anakaa na nyumba."

Mwalimu akainua kichwa kwa furaha, na mstari wangu wote ukapinda. Sikulalamika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lifti mpya ije kumwona mume wangu akikaa kwenye kiti kama mtu aliyealikwa.

Maana niwaambie ukweli, mtu huyu nyumbani alikuwa ameshanichosha. Nikitoka jikoni namkuta mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Unakwenda wapi?"

"Chumbani."

Anasogea, ananipisha, anarudishia mlango taratibu nyuma yangu. Nikitoka, yupo. "Jikoni?" Ndiyo, bwana, jikoni, na nisipokukuta na huko nitashukuru.

Jioni ileile tukaanza mazoezi. Jopo la usaili lilikuwa barazani. Mwenyekiti, mama mkwe wangu, anayeishi nasi, juu ya kigoda na ungo wa mchele mapajani. Mjumbe, mwalimu, kichwa kimeinama kati ya magoti yangu. Katibu, mimi, vidole vikiendelea na kazi. Mume wangu akasimamishwa mbele yetu.

"Kwa nini uliacha kazi yako ya mwanzo?" mwalimu akauliza, akiwa anaangalia sakafu.

"Sikuacha. Niliachishwa. Kwa sababu ya yule mwanamke."

"Usiseme yule mwanamke," nikamwambia. "Sema mabadiliko ya teknolojia."

"Hayo mabadiliko ya teknolojia yanaringa. Umewahi kusikia anavyosema ghorofa ya sita? Kama ya baba yake."

"Kajibu vizuri," mwenyekiti akasema, akitupa chuya. "Mpe alama zote."

Mwalimu akaendelea. "Udhaifu wako ni upi?"

Ghorofa akafikiri kwa uaminifu mkubwa. "Sikusoma sana. Naogopa mbwa. Na nikila nikakaa, nasinzia."

"Na miguu yake inanuka," mama mkwe akaongeza. "Tangu mdogo. Waambie mapema mwanangu, wasije wakasema tuliwaficha."

Nikaweka kitana chini.

"Mume wangu, nisikilize. Kwenye usaili udhaifu si udhaifu. Ni sifa umeivalisha nguo za kazi. Utasema hivi: udhaifu wangu, nikianza kuhudumia watu, najisahau mwenyewe."

"Lakini huo ni uongo."

"Huo ni uongo wenye vyumba viwili na jiko. Sema."

Akasema. Mara ya kwanza alilitamka kama anakiri wizi. Tukarudia mpaka likatoka laini, mwalimu akasema hata yeye angemwajiri, akiwa na cha kumwajiria.

Tukaja kwenye swali la mgeni mwenye hasira. Mtu kaingia anafoka, utafanya nini?

"Nitamwuliza ghorofa."

"Hapana. Mimi mteja wangu akija amefura, simwulizi kitu. Namkalisha, namtia maji kichwani. Mtu akishalowa nywele hawezi tena kugomba, anabaki anafuta masikio."

"Nimtie maji mgeni wa watu?"

"Mpe ya kunywa. Lakini kwanza mkalishe. Na wewe usikae mpaka akae yeye. Ukimwahi kukaa, umemwongezea sababu."

Akalishika na hilo. Kufikia Alhamisi alikuwa anajibu hata tusipomwuliza. Anaoga, tunasikia kutoka bafuni, "Udhaifu wangu, nikianza kuhudumia watu…" Mama mkwe anaitikia, "Safi, mwanangu. Na kisigino sugua."

Ijumaa nikafunga baraza, nikamsindikiza. Nilimwamini mume wangu. Nilichokuwa sikiamini ni njia ya kutoka mlangoni kwetu mpaka ghorofa ya tisa.

Amevaa suti ya harusi yetu, ambayo imebaki vilevile, aliyebadilika ni yeye. Tukaingia pale chini. Meza ya mapokezi tupu, kiti kimegeuzwa ukutani. Mlinzi wa mlangoni, waliyekuwa wakila naye chakula cha mchana enzi hizo, akanichangamkia.

"Shemeji, umepotea."

"Sijapotea, nimefukuzwa. Tofauti kidogo."

Akacheka. Lakini mume wangu hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya lifti, mikono nyuma.

"Mimi nimpande yule?"

"Basi panda ngazi," nikamwambia. "Ufike juu umelowa jasho, wakuulize udhaifu, uwaonyeshe kwapa."

Mlango ukafunguka wenyewe. Akaingia shingo upande.

"Panda, shuka tisa, ingia ofisini. Usizungumze naye."

"Mlango unafungwa," lifti ikasema.

"Nimeona," mume wangu akamjibu, na mlango ukajifunga.

Nikaenda kukaa kwenye benchi upande wa pili wa nguzo, karibu na mlinzi. Ukiwa pale lifti huioni, unasikia mngurumo wake tu. Nikatoa simu nimtumie mwalimu ujumbe kwamba mtu wetu yuko juu.

Watu wakaanza kupita. Mmoja akatoka upande wa lifti anatabasamu. Wawili wakafuata, wanacheka. Mama mmoja mwenye mafaili akamwambia mwenzake, "Hata kama. Sauti ya mtu ni ya mtu." Mwenzake akasema, "Mimi nilishaanza kupanda ngazi kwa sababu ya lile lidude."

Nikafikiri, jengo lina watu wenye furaha hili. Mungu ajalie na sisi tuwe humo.

Simu ikalia. Kaka.

"Dada, lori la kesho limepata safari nyingine."

"Kwa hiyo haliji?"

"Linakuja leo. Limeshatoka. Bahati yenu iko juu."

"Kaka, Ghorofa yuko kwenye usaili sasa hivi."

"Ndiyo, ndiyo," akasema kwa sauti ile anayotumia kwa watoto wanaotaka kuwa marubani. "Wifi yako amekusafishia kona yako saluni. Mwambie ahsante ukimwona."

Nikakata. Nikamgeukia mlinzi.

"Shemeji, usaili huwa unachukua muda gani?"

"Muda mfupi tu. Waliokuja baada ya mumeo wameshashuka karibu wote."

"Na yeye?"

Mlinzi akanitazama kwa huruma, kama daktari asiyetaka kuwa wa kwanza kusema. "Shemeji, kwani wewe hujamwona? Mbona anapita hapo kila saa?"

Nikainuka. Nikazunguka nguzo. Nikafika mbele ya lifti wakati inateremka.

Kabla mlango haujafunguka nikasikia sauti ya mume wangu, changamfu kuliko nilivyoisikia mwezi mzima. "Chini, chini, tumefika chini, angalieni hatua." Kisha yule mwanamke, amechelewa, "Ghorofa ya chini."

Mlango ukafunguka. Koti la harusi yangu limetundikwa kwenye chuma cha kushikia. Mikono ya shati imekunjwa. Kajibanza kwenye kona yake ileile, mgongo kwa watu, kidole kwenye kitufe. Watu wakateremka, wanampiga bega. Yeye hakugeuka.

"Ghorofa?" akauliza.

"Wewe," nikasema.

Akageuka. Nimewahi kuona uso wa mtu ukishuka, lakini ule ulishuka ghorofa zote tisa bila kusimama.

"Umeshahojiwa?"

"Nilikuwa nakwenda."

"Tangu asubuhi unakwenda?"

"Mke wangu, ngoja nikueleze. Ya pili akaingia yule mama wa uhasibu, mikono imejaa mafaili. Abonyeze na pua? Nikambonyezea. Alikuwa anakwenda ya sita. Ya sita wakaingia watu wa kushuka. Nimefika tisa si chini ya mara nne, nakuapia. Kila nikifika, kuna mtu anataka kuteremka."

"Ungemwacha ateremke mwenyewe."

"Na vitufe?"

Kuna maswali mtu akikuuliza unajua ndoa yako ina kazi bado.

"Wamekuita jina?"

"Sijui. Niliwasikia wanaita mtu, lakini nilikuwa nateremsha wageni. Kuna kitu kingine."

"Sema."

"Aliingia kijana mmoja ana tai nyekundu, anatetemeka. Namwuliza ghorofa, ananiambia tisa, usaili, na sauti haitoki. Mtu yuko vile utamwachaje? Nikamtuliza."

"Ukamtulizaje?"

Akaanza kufuta vitufe kwa kidole gumba. Hata yule mwanamke wa lifti alinyamaza, na si kawaida yake.

"Nilimwambia watamwuliza udhaifu."

"Ukampa na jibu."

"Ni jibu zuri."

"Ulimpa jibu langu."

"Na lile la mgeni mwenye hasira. Alikuwa hashiki upesi, ikabidi nimrudishe chini tupande tena."

Yaani mume wangu amekosa usaili wake kwa sababu alikuwa anamwandaa mpinzani wake, safari mbili, bure, na mlango kamfungulia. Pale barazani kwangu tulitunga uongo mmoja tu, na mtu huyu kaenda akaufanya ukweli.

"Panda," nikamwambia. "Panda ngazi. Lifti hupandi tena. Kawaombe, kawaambie uliugua, ulipotea, ulizaa. Nenda."

Akachukua koti akakimbia. Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi, vikienda mbio, kisha vikienda, kisha vikijitahidi.

Lifti nayo ikaitwa juu, ikaenda. Iliporudi akatoka kijana wa tai nyekundu, na nyuma yake mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwenye mnyororo. Kijana akaangalia ile kona tupu, kisha huku na huku.

"Samahani dada, yule mzee wa lifti yuko wapi?"

Mume wangu hajafika hata miaka arobaini. Nikaona hilo nalo nilibebe.

"Unamtakia nini?"

"Nimshukuru. Lile jibu la mgeni, kumkalisha kwanza na wewe usikae mpaka akae, mkurugenzi alilipenda mpaka akalirudia."

"Kwa hiyo umepata kazi."

"Sijapata. Waliniuliza nimelitoa wapi. Sasa mimi nikiulizwa ana kwa ana siwezi kudanganya. Nikasema kanifundisha mtu wa kwenye lifti, na yeye kasema kafundishwa na mke wake, msusi."

Yule mama wa miwani alikuwa ananitazama vidole. Vidole vya msusi vinajulikana, mafuta hayatoki hata ukisugua.

"Ndiyo wewe?" akauliza.

"Ndiyo mimi, mama. Lakini ngoja nikwambie kuhusu mume wangu."

"Mume wako aliitwa, akaitwa tena. Hakuwepo."

"Alikuwepo, mama. Alikuwa kwenye lifti."

"Kwenye lifti hatuna nafasi." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayesoma bango. "Mimi ni afisa utumishi hapa. Tangu asubuhi nimesikiliza watu wakiniambia udhaifu wao ni kufanya kazi kupita kiasi. Jibu moja tu limenifanya niweke kalamu chini, na limenifikia likiwa limepitia kwa watu wawili. Sasa namtaka mwenye jibu. Mkurugenzi bado yupo juu, lakini anajiandaa kuondoka. Unapanda au hupandi?"

"Mimi?"

"Kuna msusi mwingine hapa?"

Kijana wa tai nyekundu akasogea pembeni kunipisha, adabu zake zote.

Simu ikalia. Mama mkwe.

"Mkwe wangu, lori limefika. Dereva anauliza aanze na kitanda au kabati. Nimwambieje? Mwanangu kashapata?"

"Mama, mpe kiti akae."

"Anasema ana haraka."

"Mkalishe kwanza, mama. Mpe maji. Na wewe usikae mpaka akae."

Nikakata simu, nikamkuta mama wa miwani ametabasamu kidogo, na tabasamu lile likanitia hofu kuliko lori.

Maana hesabu yenyewe mnaiona. Nikipanda nikashindwa, nimejidhalilisha na suti ya mume wangu imelowa jasho bure. Nikipanda nikashinda, nyumba inabaki, baraza linabaki, ufagio wa wifi unabaki kwa wifi. Na mume wangu, aliyeporwa kazi ya kwanza na mwanamke asiye na mwili, ya pili atakuwa kaporwa na mwanamke anayelala naye. Mwenye visigino, huyu.

Mama wa miwani akabonyeza kitufe cha kuita. Lifti ilikuwa imeshaitwa juu tena. Tukasubiri, mimi nikijifuta vidole kwenye kanga.

Nilipokuwa nasikiliza inavyoteremka, nikasikia sauti. Si ya yule mwanamke.

"Chini. Tumefika chini." Taratibu safari hii, kama mtu anayejiambia mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Yumo peke yake, koti begani, shati limemganda mwilini. Bila shaka huko juu kaukuta mlango umefungwa, na miguu ya kuteremka ngazi hakuwa nayo tena. Alipomwona afisa utumishi akajiweka sawa.

"Mama, shikamoo. Nilichelewa. Nilikuwa naomba tu—"

"Marahaba. Tutaongea," mama akasema, akaingia.

Kisha Ghorofa akaniona mimi naingia nyuma ya mama. Na hapo, jamani, mume wangu akatabasamu. Tabasamu zima, la moyo wote, kama lile la siku niliyomkubalia. Akaniinamia sikioni.

"Unakwenda kuniombea," akaninong'oneza. "Nilijua tu."

Mama wa miwani alikuwa anaangalia dari. Mume wangu akarudi kwenye kona yake, akanyoosha mgongo, akainua kidole.

"Ghorofa?" akaniuliza, kwa heshima zote, mbele ya bosi.

Nikafungua mdomo nimwambie. Yule mwanamke akaniwahi.

"Mlango unafungwa."